Fundi Alipobadilisha Seva

Mmeiona ile video. Imezunguka magrupu yote ya WhatsApp ya Kindu, kutoka Kasuku mpaka ng'ambo kule Alunguli, kwa hiyo sitaisimulia yote: ruta mpya inawaka taa, fundi kashika simu, jamaa wamemzunguka. Kipimo cha kwanza cha kasi ya intaneti kinatoa Mb/s 3.6. Fundi anakunja uso, anagusa jina la seva, anachagua nyingine, anabonyeza upya. Mshale unaruka hadi 41, watu wanapiga makofi, Mama mwenye nyumba anatoa pesa. Lilikuwa goli la kuotea, na uwanja mzima ukashangilia.

Tuirudishe nyuma polepole. Kipimo cha kwanza kilielekezwa Brussels, na Mama mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo, kwa sababu intaneti hiyo anainunua ili aonane na mwanawe anayeishi huko. Majibu yakaja: kupakua Mb/s 3.6, kupakia 0.7, pingi, yaani muda wa data kwenda na kurudi, milisekunde 290. Si majibu matamu, lakini yalijibu swali lake. Kisha kidole cha fundi kikashuka kwenye orodha ya seva na kuchagua ile ya kampuni yenyewe inayouza intaneti. Kuanzia hapo hakuna kilichopimwa cha maana. Seva ile imekaa ndani ya mtandao wa muuzaji. Data zinatoka kwenye ruta, zinafika mlangoni kwake, zinageuza. Njia yote inayobaki, ya kutoka mlango huo hadi Ulaya, haikuguswa hata kwa sekunde moja.

Na njia inayobaki ndiyo ghali. Chukueni ramani: Kindu iko karibu katikati kabisa ya Muanda kwenye Atlantiki, unakotua mkongo wa baharini wa WACS ulioanza kazi mwaka 2012, na Mombasa kwenye Bahari ya Hindi. Ni kilomita kama 1,500 kila upande kwa mstari ulionyooka, na mawasiliano hayapiti kwenye mstari ulionyooka. Huko ndiko muuzaji anakonunua nafasi kwa wengine na kuwagawia wateja wake, na akibana matumizi, anabana huko. Kukupa 41 hadi mlangoni kwake hakumgharimu sana.

Kuna jambo jingine ambalo makofi yalilifunika. Hivi kuna aliyetazama kupakia? Mazungumzo ya video ya watu wawili, yenye picha safi, hayahitaji hata Mb/s 2, ila yanazihitaji kwenda na kurudi. Kwa 3.6 ya kupakua, Mama atamwona mtoto. Kwa 0.7 ya kupakia, mtoto ataona vipande vya uso wa mama yake. Tatizo la nyumba ile lilikuwa kwenye skrini tangu kipimo cha kwanza, limeandikwa kwa tarakimu, na fundi akalifuta. Badala ya kuwaambia wenye nyumba kwamba upande wa kupakia ni mwembamba, wadai forfe (kifurushi) nyingine au wapunguze ubora wa picha, akawatafutia namba ya kupendeza.

Mengine aliyafanya sawasawa: alisimama karibu na ruta, alitumia mawimbi ya GHz 5, alizima simu nyingine, na alipoulizwa 41 ni mega ngapi kwa sekunde aligawa kwa 8.

Saa, je? Kwa jinsi jua linavyoingia mlangoni, ni asubuhi, na wasomaji wangu wa zamani wanajua nitakachosema. Asubuhi mji uko kazini. Pimeni saa mbili usiku, wakati kila nyumba iko mtandaoni, na pimeni huku mtu mwingine anapakua kitu, muone pingi inapanda hadi wapi. Ruta inayolimbikiza data kwenye foleni ndefu itakuonyesha kasi nzuri na bado mazungumzo yatakatika.

Enzi za foni, ile redio ya mawasiliano, kabla ya minara ya simu, jambo hili halikuhitaji kuelezwa. Mwendeshaji wa foni hakujipa maksi mwenyewe. Aliita upande wa pili, akauliza unanipata vipi, na upande wa pili ndio uliojibu tano kwa tano, au mbili kwa tano. Mike Muuss alipoandika programu ya ping mwaka 1983 alifuata adabu ileile: unatuma, unangoja jibu la huko unakotaka kufika. Hakuweka mshale wa rangi. Mafundi wa leo wana mshale.

Serikali nayo haijatufundisha adabu hiyo. Tulikatwa pesa za RAM, tozo ya kusajili simu, kwenye simu zetu kuanzia 2020 hadi ilipofutwa 2022. Kasi tuliyopata kwa malipo hayo sijaonyeshwa hadi leo. Machi 2024 ARPTC, mdhibiti wa mawasiliano, ikapiga marufuku intaneti ya satelaiti ya Starlink, Mei 2025 ikaipa leseni. Sawa, satelaiti zake zinazunguka kwenye kimo cha kilomita kama 550, na zile za zamani ziko kilomita 35,786, ambako mwanga wenyewe hutumia karibu nusu sekunde kwenda na kurudi. Lakini hakuna antena inayomponya fundi anayejichagulia seva.

Vifaa vya kumbana vipo. Fast.com, tangu 2016, hupima kwa seva za Netflix. M-Lab, iliyoanza 2009, huweka seva zake nje ya mitandao ya wauzaji makusudi. Msipime ovyo tu, maana sekunde 10 kwa Mb/s 40 ni MB 50 zimekwenda, na mega tunazinunua.

Ndugu zangu, kabla hamjatoa pesa mwambieni fundi arudi saa mbili usiku, achague seva ya nje, awasomee kwa sauti kupakua, kupakia na pingi. Akigusa orodha ya seva bila kuulizwa, msimlipe.