Sifa ya Mbao Chini ya Lori

Karagwe ni nchi iliyosifika kwa ufuaji wa chuma tangu kabla msafiri Mwingereza Speke hajafika kwa mfalme Rumanyika mwaka 1861, na kwa hiyo yeyote atakayeisifu mbao mbele ya watu wa Kihanga, huko huko Karagwe, hana budi kwanza kuwaomba radhi wahunzi. Hata hivyo, lipitapo lori lililosheheni ndizi au magunia ya kahawa, tazama chini ya bodi yake: baina ya chasisi na shehena imelala mihimili miwili ya mbao, na juu ya mihimili hiyo zimekingamishwa mbao nyingine zinazobeba sakafu.

Mgeni hudhani hiyo ni dalili ya ufukara. La hasha! Chasisi hujisokota kila gurudumu linapozama shimoni, na bodi ya chuma iliyochomelewa juu yake pasipo nafasi ya kucheza aghalabu hupasuka penye maungio, ilhali mhimili wa mninga uliokauka barabara huufuata msokoto ule, kisha hurejea katika hali yake. Fundi mwenye maarifa hatoboi kingo za chasisi, maana kila tundu ni mlango wa ufa. Huufunga mhimili kwa boliti za umbo la U, na pale boliti inapokaza hupachika kipande cha mbao ndani ya mfereji wa chasisi ili kingo zisibonyee. Kipande hicho hakionwi na abiria wala hakitajwi na mwenye gari, nami nakipa taadhima kuliko rangi na maandishi yote ya ubavuni.

Huko Uingereza, kampuni ya magari ya Morgan hata leo huunda mifupa ya bodi kwa mbao juu ya chasisi ya madini. Na Frank Costin, aliyepata kuhudumu katika kiwanda cha ndege cha de Havilland, alishirikiana na Jem Marsh mwaka 1959 kuanzisha magari ya Marcos, ambayo chasisi yake yenyewe hapo mwanzo ilikuwa ya plaiwudi iliyounganishwa kwa gundi. Matajiri huyanunua magari hayo kwa fakhari, na hapa kwetu sanaa iyo hiyo huitwa ushamba.

Basi enyi wenye malori wa Karagwe na Kyerwa, msimharakishe fundi kwa sababu msimu wa kahawa umewadia: mbao mbichi hunywea, boliti zikalegea, na lawama akabebeshwa seremala.