Postikadi ya Pella: Tulipu Zimo, Mahindi Hayamo

Tumezoea kuhakiki riwaya na diwani katika ukurasa huu. Safari hii tunaomba radhi tuhakiki postikadi, kwani nayo ni matini, na muhula uliopita iliwaponza wanafunzi wetu wa mwaka wa pili.

Kadi ni ya karatasi yenye mkwaruzo kama wa kitambaa, aina iliyopendwa Marekani miaka ya 1930 na 1940. Wanawake wenye kofia za lesi na viatu vya mbao wanasugua barabara kwa mifagio. Kando yao zimechanua tulipu nyekundu. Tuliagiza insha ya maelezo. Karibu wote waliandika kwamba ndivyo watu wa huko wanavyoishi kila siku, na baadhi wakauweka mji huo Uholanzi!

Mji ni Pella, jimbo la Iowa, Marekani. Ulianzishwa mwaka 1847 na Waholanzi wapatao 800 chini ya mchungaji Hendrik Scholte, waliotafuta uhuru wa kuabudu na ardhi ya kulima. Sherehe ya tulipu ilianza 1935, miaka 88 baadaye, na kwa kuwa maua yenyewe hayakutosha, mwaka huo yalichongwa ya mbao. Basi kadi inatuonyesha vazi la sikukuu tu. Mahindi na nguruwe waliowalisha wakulima wa Iowa hawaonekani hata kwa mbali. Wala hakuna dalili ya Wasauk na Wameskwaki, walioachishwa nchi hiyo kwa mkataba wa 1842, miaka mitano kabla ya Scholte kufika.

Hatusemi kadi ni mbaya. Mifagio imeinama upande mmoja, ikalivuta jicho hadi mwisho wa barabara. Hapo mpiga picha alijua kazi yake. Walakini uko kwenye rangi. Katika kadi za aina hii zilitiwa kiwandani juu ya picha nyeusi na nyeupe, ndiyo maana hakuna ua hata moja lililosinyaa.

Mwanafunzi mmoja aliandika "mitalawanda". Tulifurahia msamiati huo wa pwani, lakini tukampunguzia alama: mtalawanda hushikwa kwa msuruaki katikati ya vidole, ilhali kiatu cha Mholanzi kimeufunika mguu.

Muhula huu tumeirudisha kadi darasani na swali moja: nani na nini havikupigwa picha? Insha zimekuwa fupi zaidi. Mmoja ameuliza barabara hiyo ilikuwa na uchafu gani hata isuguliwe.