Uso wa Rafiki Juu ya Shaba

Wapo watu ambao tukishajua walivyoishia hatuwatazami tena sawasawa. Mwisho wao huufunika mwanzo wao. Mmoja wao ni Charles Meryon, mchoraji wa Kifaransa. Alizaliwa Paris mwaka 1821, akawa ofisa wa jeshi la majini, akasafiri hadi New Zealand. Macho yake hayakuweza kutofautisha rangi vizuri, kwa hiyo akaachana na rangi, akashika sindano na bamba la shaba. Kati ya 1850 na 1854 aliichora Paris ya zamani, na kwa picha hizo anakumbukwa hadi leo. Mwaka 1858 alipelekwa Charenton, hospitali ya wagonjwa wa akili. Alitoka, akarudishwa mwaka 1866, na humo akafariki mwaka 1868.

Rafiki yake, Félix Bracquemond, alimchora miaka kadhaa kabla ya hayo, naye Bracquemond akiwa kijana wa miaka 20 hivi. Kichwa kinaonekana kwa upande, mithili ya sura iliyochongwa juu ya jiwe. Ni rahisi kuitazama picha hiyo na kusema, "Unaona? Wazimu ulikuwa umekwisha kuingia." Mimi sikubali.

Fikiria kwanza kazi yenyewe. Bamba hupakwa nta, mchoraji hukwaruza kwa sindano, kisha asidi hula shaba pale palipokwaruzwa. Ndipo hutiwa wino na karatasi kushindiliwa juu yake. Hiyo ni kazi ya subira, nayo Meryon aliijua kuliko wengi. Aliyekuwa akichorwa alikuwa fundi mwenzake, si mgonjwa mbele ya daktari.

Tena, chini ya picha kuna beti fupi. Aliyeitunga ni Meryon mwenyewe, na ndani yake anaifanyia mzaha sura yake. Wahenga walisema nyani haoni kundule; huyu alijiona, akacheka, akamwachia rafiki yake kicheko hicho kitiwe kwenye shaba. Mtu anayeweza kujicheka namna hiyo bado ni bwana wa nafsi yake.

Kama picha ina kasoro, basi ni kwamba jiwe limezidi. Bracquemond, kwa kupenda kuonyesha ustadi wake, amemfanya mtu aliye hai aonekane kama ukumbusho wa marehemu. Bila ile beti, picha ingekuwa baridi.

Mwaka 1858, Meryon alipokuwa karibu kupelekwa Charenton, Léopold Flameng naye alimchora akiwa kitandani. Hiyo ni picha ya kweli pia, na inauma kuitazama. Lakini haina haki ya kuifuta ile ya kwanza.

Nasema hivi kwa sababu hata sisi tunayo tabia hiyo. Mtu akiugua akili, majina yake yote hufutwa, hubaki moja tu: kichaa. Katika ukoo wetu alikuwapo seremala aliyesahauliwa hivyo angali hai. Watu walipita kwenye milango aliyoitengeneza kwa mikono yake, wakimsimulia ugonjwa wake tu.

Kwa hiyo, msomaji, ukiikuta picha ya Bracquemond, usianze na Charenton. Anza na marafiki wawili, kipande cha shaba, na mzaha wao.