Kombe Zilizotoka Chini ya Eniwetok

Mwaka 1952, wachimbaji katika kisiwa cha Parry, kwenye atoli ya Eniwetok, Visiwa vya Marshall, walifikia basalti wakiwa wamepita mita 1,267 za chokaa ya matumbawe. Basalti ni mwamba wa volkano, na Charles Darwin alikuwa ameandika tangu 1842 kwamba atoli ni matumbawe yaliyoendelea kukua juu ya volkano inayodidimia. Katika atoli ya Funafuti, kati ya 1896 na 1898, wachimbaji waliishia mita 340 bila kuiona volkano. Bikini nako, mwaka 1947, walikwama kwenye mita 779. Ndiyo maana kipande kile cha basalti kinasifiwa mpaka leo. Kwa maoni yangu, sifa kubwa zaidi ni ya konokono na chaza waliopatikana juu yake.

Basalti peke yake haitoshi. Inathibitisha kwamba chini kuna volkano, lakini haisemi kama volkano hiyo ilididimia. Walikuwapo wataalamu walioamini kwamba mlima ulikuwa chini ya maji tangu mwanzo, mabaki ya viumbe yakarundikana juu yake hadi ukakaribia uso wa bahari, ndipo matumbawe yakaota. Kama ni hivyo, tabaka za chini zingejaa viumbe wa bahari kuu. Kama Darwin alisema kweli, hata huko chini zingepatikana kombe za viumbe wanaoishi kwenye maji mafupi yenye mwanga.

Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu. Katika uchimbaji wa kuzungusha, tope husukumwa ndani ya kisima na kurudi juu likibeba chembe za mwamba. Kuta za mchanga wa matumbawe ni laini na humomonyoka, kwa hiyo kombe inayotoka wakati keekee iko mita 600 huenda ilianguka kutoka mita 200. Kwa chembe za namna hiyo, cha kuaminika ni kina ambacho spishi inaonekana kwa mara ya kwanza unaposhuka; kuonekana kwake tena chini zaidi hakuthibitishi lolote. Sampuli nzima inayokatwa kwa bomba haina shaka hiyo, ila mchanga uliolegea huponyoka, na sehemu ndefu za kisima zilibaki na chembe tu. Hivyo ushahidi wa moluska, yaani konokono na chaza, ulipimwa pamoja na ule wa foraminifera wakubwa, viumbe wa seli moja wenye kombe, ambao ndio waliosaidia zaidi kupanga umri wa tabaka.

Jibu lilikuwa wazi. Sehemu kubwa ya visukuku ni vya viumbe wa mwambani na wa maji mafupi, na tabaka za chini kabisa ni za Eosini, enzi iliyokwisha miaka milioni 34 hivi iliyopita. Kiumbe wa maji mafupi akikutwa zaidi ya kilomita moja chini, sakafu aliyoishi juu yake ndiyo iliyoshuka.

Kombe zilieleza pia kwamba mdidimio huo haukuwa safari ya moja kwa moja. Moluska wengi hujenga kombe kwa aragoniti, madini ambayo maji ya mvua huyayeyusha kwa urahisi. Katika visima vya Eniwetok, tabaka ambazo kombe zimehifadhiwa vizuri zinapishana na tabaka ngumu zilizobakiwa na matundu tu yenye umbo la kombe. Uso wa juu wa tabaka hizo zenye matundu unaonyesha wakati ambapo mwamba ulitoka majini ukanyeshewa.

Ushahidi unaonivutia kuliko wote ni mdogo mno: konokono wa nchi kavu waliokutwa katika tabaka za Miosini, miongoni mwa viumbe wa bahari. Harry S. Ladd, mtaalamu wa moluska wa Idara ya Jiolojia ya Marekani, aliwaeleza mwaka 1958. Konokono hao walihitaji kisiwa kilichoinuka, chenye miti na unyevu, si ukanda wa mchanga kama atoli ya leo.

Kisima cha pili cha Eniwetok, kilichofikia mita 1,405 kabla ya kugusa mwamba mgumu, kilichimbwa katika kisiwa cha Elugelab. Tarehe 1 Novemba 1952 Marekani ililipua hapo bomu la haidrojeni na kisiwa kikatoweka. Ladd aliendelea kuzichambua kombe za visima hivyo, na juzuu ya mwisho ya kazi yake kuhusu konokono wa bahari wa visiwa vya Pasifiki ya magharibi ilitoka mwaka 1982, miaka 30 baada ya uchimbaji.