Mali Bila Daftari: Tathmini ya Ukusanyaji wa Tamthiliya Kongwe za Uingereza

Wanafunzi wa fasihi wanapoishika tafsiri ya Mwalimu Nyerere, Juliasi Kaizari, huuliza habari za mtunzi na habari za mfasiri. Ni nadra kuuliza habari za mtu wa tatu, yaani yule aliyekihifadhi kitabu chenyewe mpaka kikaweza kufasiriwa. Katika makala haya tunakusudia kumtathmini mtu huyo. Hoja yetu ni kwamba wakusanyaji wa vitabu vya kale wanastahili shukrani, lakini shukrani hiyo ipimwe kwa namna kila mmoja alivyoitunza kumbukumbu ya kitabu chake, si kwa wingi wa vitabu alivyokuwa navyo.

Kwanza, tuangalie hali ilivyokuwa. Mwishoni mwa karne ya 16 tamthiliya ya Kiingereza ilichapishwa katika vijitabu vyembamba, aghalabu bila jalada, vilivyouzwa kwa takriban peni sita. Vilisomwa, vikachanika, vikatupwa. Tamthiliya nyingi hazikuchapishwa kabisa, zikabaki miswada mikononi mwa vikundi vya waigizaji. Wataalamu wanakadiria kwamba kati ya mwaka 1567 na 1642, majumba ya michezo ya London yalipofungwa, ziliandikwa tamthiliya takriban 3,000. Zilizotufikia hazifiki theluthi yake.

Hata wasomi hawakuzithamini. Sir Thomas Bodley, aliyefungua maktaba yake Oxford mwaka 1602, alifanya mapatano na chama cha wachapaji wa London mwaka 1610 ili maktaba ipate nakala ya kila kitabu kipya. Lakini tamthiliya hakuzitaka. Alimwandikia mkutubi wake kwamba pengine zipo zinazofaa kutunzwa, ila hazifiki moja katika arobaini. Kwa maoni yake, takataka za namna hiyo zingeishushia hadhi maktaba.

Mwaka 1623 waigizaji wawili, John Heminges na Henry Condell, walitoa kitabu kikubwa cha tamthiliya 36 za Shakespeare, ambacho leo huitwa Folio ya Kwanza. Kati ya hizo, 18 hazikuwahi kuchapishwa kabla. Hapa walimu wa Kiswahili tunaguswa moja kwa moja. Miongoni mwa hizo 18 zimo Julius Caesar, Macbeth na The Tempest. Kwa maneno mengine, Juliasi Kaizari ya Nyerere, pamoja na Makbeth na Tufani za S. S. Mushi, ni matunda ya kitabu hicho kimoja. Mabepari wa Venisi peke yake, katika hizo nne, ndiyo iliyokuwa na chapa ya awali, ya mwaka 1600.

Folio yenyewe nayo iliponea chupuchupu. Maktaba ya Bodley ilipata nakala yake ilipotoka, lakini ilipokuja chapa ya tatu, katika miaka ya 1660, nakala ile ilionekana imepitwa na wakati ikauzwa. Ilipojitokeza tena mwaka 1905, maktaba ililazimika kuomba michango kwa umma, na mwaka 1906 ikainunua tena kwa pauni 3,000. Usiache mbachao kwa msala upitao!

Pengo waliloliacha wasomi lilizibwa na watu binafsi. David Garrick, mwigizaji mashuhuri wa karne ya 18, alikusanya tamthiliya kongwe na alipofariki mwaka 1779 akaliachia jumba la makumbusho la taifa, British Museum. Edmond Malone, mhakiki, alikusanya zake, na mwaka 1821 zikafika Oxford, katika maktaba ileile iliyokuwa imezikataa. Huko Marekani, Henry Folger na mkewe Emily walinunua nakala 82 za Folio ya Kwanza, na maktaba yao ikafunguliwa Washington mwaka 1932.

Wapo waliomlaumu Folger kwa uroho. Nakala moja haitoshi? Tunakiri kwamba lawama hiyo ina uzito kwa upande mmoja: kitabu kilichofungiwa ghalani hakimsaidii msomaji. Hata hivyo, wachapaji wa zama zile walikuwa wakisahihisha makosa huku uchapaji ukiendelea, na karatasi zenye makosa hazikutupwa. Kwa hiyo ni vigumu kupata nakala mbili zinazolingana kila herufi. Mtafiti Charlton Hinman alizilinganisha nakala nyingi za Folger, na mwaka 1963 akaeleza jinsi kitabu kilivyopangwa na kuchapwa, ukurasa kwa ukurasa. Kazi hiyo isingewezekana bila wingi ule.

Kosa tunaloliona sisi ni la namna nyingine. Wakusanyaji wengi wa karne ya 18 na 19 walipenda kitabu kinachong'aa. Waliosha karatasi, wakakata kingo, wakavika ngozi mpya yenye nakshi za dhahabu. Kurasa zilizopungua zilijazwa kwa kurasa kutoka nakala nyingine. Kwa kufanya hivyo walifuta majina ya wasomaji wa awali na maandishi yao ya pembezoni. Kitabu kilipendeza, ila ushahidi ulipotea.

Kutoka hapo hadi udanganyifu si mbali. John Payne Collier, mtaalamu aliyeaminika sana, alitangaza mwaka 1852 kwamba anayo nakala ya Folio ya Pili, ya mwaka 1632, yenye masahihisho ya mkono wa zamani. Mwaka 1859 uchunguzi uliofanyika British Museum ulibaini kwamba masahihisho hayo ni ya kughushi. Collier aliingiza pia maneno ya uongo katika kumbukumbu za Philip Henslowe, mwenye majumba ya michezo, zilizotunzwa Dulwich. Mpaka leo mtafiti wa kumbukumbu hizo hana budi kuwa macho. Naye Thomas J. Wise, aliyefariki mwaka 1937 akiwa tayari ameumbuliwa kwa kughushi vijitabu vya karne ya 19, alikuja kugunduliwa katika miaka ya 1950 kwamba aling'oa karatasi zaidi ya 200 kutoka tamthiliya za British Museum ili kukamilisha nakala zake na zile alizowauzia wengine.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ndiyo kipimo chetu. Mkusanyaji mwema ni yule anayeandika alikipata wapi kitabu, kikiwa katika hali gani, na nani alikimiliki kabla yake. Kisha akakiweka mahali ambapo mwingine anaweza kukisoma. Wise alikuwa na jicho kali na orodha nzuri zilizochapishwa, lakini orodha iliyoficha asili ya kurasa si daftari bali ni pazia.

Je, haya yanatuhusu vipi walimu na wanafunzi wa Kiswahili? Tamthiliya andishi ya Kiswahili nayo ilianza katika vijitabu vyembamba vya bei nafuu. Nakupenda, Lakini... ya Henry Kuria na Afadhali Mchawi ya Graham Hyslop zilichapishwa mwaka 1957. Tunazitaja darasani kila mwaka katika historia ya tamthiliya, lakini ni wanafunzi wangapi wamewahi kuzishika? Tukisema hivi ni vitabu vya shule tu, visivyostahili rafu ya chuo kikuu, hatutakuwa tofauti na Bodley.

Tunapendekeza kazi nyepesi kwa likizo ijayo. Kila mwanafunzi aulize nyumbani, kwa walimu wastaafu na katika maktaba za shule za zamani, kama kuna kitabu cha Kiswahili kilichochapishwa kabla ya mwaka 1970. Asikinyang'anye wala asikikarabati. Aandike jina la kitabu, mchapaji, mwaka, mwenye nacho na maandishi yoyote ya mkono yaliyomo, hata kama ni jina la mtoto wa darasa la sita. Daftari hilo likitunzwa idarani, watakaokuja baada yetu watajua pa kuanzia.