Ufundi wa Kusikiliza Sumaku

Pale Misikhu, kando ya barabara ya Webuye kwenda Kitale, alikuwako fundi wa redio na saa ambaye kibanda chake kilikuwa na meza mbili. Ya kushoto ilikuwa ya redio: spika zilizochanika, betri zilizovuja, nyaya za kila rangi. Ya kulia ilikuwa ya saa. Katikati aliacha nafasi ambayo hakumruhusu mtu kuegesha hata baiskeli. Wateja waliona ni maringo, maana kibanda chenyewe kilikuwa kidogo, na mvua ya alasiri ya Bungoma ikishuka kila mtu hutafuta pa kujibanza. Lakini nafasi ile ilikuwa sehemu ya kazi. Kila spika ina sumaku mgongoni, na sumaku ni adui wa saa ya kutia ufunguo.

Nilipenda kumtazama hasa alipoletewa saa inayokimbia. Siku moja mama mmoja alileta ya mumewe.

“Fundi, hii saa inatangulia redio kila asubuhi.”

“Hulala wapi, mama?”

“Juu ya hiyo hiyo redio.”

Fundi hakufungua mfuniko. Alihamisha koleo na bisibisi, akamwomba kijana aliyeegemea meza aondoe funguo zake, akavua hata saa ya mkononi mwake. Kisha akaweka dira ndogo mezani, akangoja. Alingoja muda mrefu kuliko mtu mwenye haraka anavyoweza kuvumilia, mpaka mshale ukaacha kutetemeka na kuelekea kaskazini. Hapo ndipo aliposogeza saa, polepole, akaizungusha. Mshale ukaanza kuifuata. Saa ilikuwa imeshikwa na sumaku: nyuzi za utepe wake mwembamba wa chuma zimegandana, ndiyo maana ilikimbia. Alijua kabla hajaigusa.

Kilichonivutia ni kule kuondoa vitu mezani. Kabla ya kuishutumu saa ya mwenzake, alihakikisha kwanza kwamba mshale hausumbuliwi na vifaa vyake mwenyewe. Nimesoma mengi tangu hapo kuhusu vyombo vilivyotumwa kwenye sayari, na kila mara nikifika kwenye habari za sumaku namwona mzee yule akivua saa yake.

Watu husifu kamera za vyombo vya angani, na picha za pete za Zohali zinastahili sifa. Lakini kamera huishia kwenye ngozi ya kitu. Yaliyo chini ya barafu na ndani ya kiini cha sayari, mengi tumeambiwa na magnetomita, kifaa cha kupima sumaku, kisicho na picha hata moja ya kuonyesha. Na kazi yake ngumu kuliko zote ni kutojisikia chenyewe. Chombo cha angani kimejaa mota, nyaya na umeme, na kila kimoja kina sumaku yake. Kwa hiyo mafundi huchagua skrubu za metali isiyovutwa na sumaku, husokota nyaya mbili mbili ili sumaku ya mmoja ifute ya mwenzake, kisha huitoa magnetomita nje kabisa, kwenye mkono mrefu. Mkono wa Voyager, vyombo vilivyorushwa mwaka 1977, ni wa mita 13; ulisafiri ukiwa umekunjwa ndani ya mkebe na kukunjuka angani. Wa Cassini, chombo kilichozunguka Zohali, ulikuwa wa mita 11, na vipimo viwili: kimoja nchani, kingine katikati. Vikitofautiana, tofauti hiyo huwaonyesha mafundi sumaku ya chombo chenyewe, nao huitoa kwenye hesabu. Wakati mwingine chombo kizima huzungushwa makusudi: kinachozunguka pamoja nacho ni chake, kinachobaki palepale ni cha anga.

Mwaka 2005 Cassini ilipita karibu na Enceladus, mwezi mdogo wa Zohali wenye kipenyo cha kilomita 500 hivi. Mwezi mdogo hivyo ulitarajiwa kuwa umeganda na kufa. Lakini timu ya magnetomita, ikiongozwa na Michele Dougherty, mzaliwa wa Afrika Kusini, iliona uga wa sumaku wa Zohali ukipinda mbele ya mwezi ule, kama kwamba kuna kizuizi kikubwa kuliko jabali lenyewe. Wakaomba chombo kipelekwe karibu zaidi. Fikiria ujasiri wa ombi hilo: safari ya miaka saba, chombo kisicho na mbadala, na wao wanachoshika mkononi ni mstari uliopinda kidogo kwenye karatasi. Walikubaliwa. Julai mwaka huo, Cassini ilipita kwa umbali wa kilomita 173 tu, na ukweli ukajitokeza: mvuke wa maji ulikuwa ukifoka kutoka nyufa za ncha ya kusini. Picha zilikuja kuthibitisha. Mshale ndio uliotangulia kunong’ona.

Kabla ya hapo kulikuwa na Galileo, chombo kilichozunguka Mshtarii, na magnetomita yake iliyosimamiwa na Margaret Kivelson. Mwaka 1996 iligundua kwamba Ganymede ni mwezi wenye uga wake wenyewe wa sumaku, jambo ambalo hadi leo halijaonekana kwa mwezi mwingine wowote. Ila kwangu mimi kazi bora ilikuwa ya Europa, mwezi mwingine wa Mshtarii. Sumaku ya Mshtarii imeinama kama nyuzi 10 kutoka kwenye mhimili wa sayari, hivyo sayari inapozunguka, uga unaoufikia mwezi ule hugeuka huku na huku kila baada ya saa chache. Uga wenyewe hapo ni hafifu, haufiki asilimia 2 ya huu unaotuzunguka hapa Kenya. Maji ya chumvi hupitisha umeme. Kama kuna bahari chini ya barafu, bahari hiyo italazimika kujibu kila mgeuko kwa sumaku yake, kinyumenyume. Tarehe 3 Januari 2000 Galileo ilipita wakati uga wa Mshtarii umegeukia upande wa pili. Jibu la Europa nalo lilikuwa limegeuka. Hakuna aliyeiona bahari ile, wala kuigusa.

Na sisi tumo katika habari hii, ingawa hatuitaji. Wengi wanajua kwamba setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Karibu mwaka mmoja baadaye, tarehe 15 Novemba 1971, kutoka jukwaa hilo hilo iliondoka Explorer 45, ikiwa na magnetomita kwenye mikono yake. Ilichaguliwa kurushwa hapa kwa sababu mkondo wa umeme unaoizunguka dunia wakati wa dhoruba za jua hupita juu ya ikweta, na roketi ndogo ya Scout ilihitaji kuanzia karibu na ikweta ili iufikie. Mwezi mmoja hivi baadaye, dhoruba ya Desemba ikaja, na Explorer 45 ikawa humo ndani, ikipima. Jambo hili lilipaswa kuwa katika kila kitabu cha fizikia cha shule zetu. Mtoto wa Misikhu husoma juu ya sumaku kwa mchoro wa kipande chekundu na cha buluu, ilhali pwani ya nchi yake ilituma kipimo kwenda kusikiliza sumaku ya dunia nzima.

Roketi ya mwisho iliondoka San Marco Machi 1988. Tangu hapo tumerusha setilaiti zetu wenyewe, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2018 na Taifa-1 mwaka 2023, nami nilizifurahia. Zote mbili zilibeba kamera. Ndivyo tulivyo sasa, tunataka kuona. Hata dira tunayo ndani ya simu, imefichwa tusiisumbukie. Simu ikikosea kaskazini hutuomba tuizungushe hewani kwa umbo la nane, ili ijue sumaku iliyo yake na iliyo ya dunia. Ni ufundi ule ule wa Cassini ukiombwa ufanyike viganjani mwetu, nasi tunaizungusha simu mara moja kwa kuudhika, au tunafunga ujumbe na kumwuliza mtu njia. Mafundi wa saa wa sokoni wamezeeka, wengi wameondoka bila wanafunzi, na vibanda vyao vinauza vioo vya simu. Sijasikia bado katika mipango ya setilaiti zetu zijazo mtu akiulizia magnetomita, wala mkono wa kuibebea.