Msimu wa Waliochuchumaa

Anayetazama besiboli kwa mara ya kwanza huwaona watu wawili tu: mrushaji aliyesimama juu ya kichuguu cha udongo katikati ya uwanja, na mpigaji anayemngoja na gongo lake begani. Wa tatu hamwoni. Yupo nyuma ya mpigaji, amechuchumaa, uso umefichwa nyuma ya vyuma vya barakoa, kifua na miguu vimefunikwa ngao, maana kupigwa atapigwa. Huyo ndiye mdakaji. Wenzake wanane wameelekea kwake. Yeye peke yake ndiye anayeuona uwanja wote mbele yake. Msimu wa 2025 wa MLB, ligi kuu ya Marekani, umeacha mengi ya kusimulia, na kila nikiyapanga naishia kwa mtu huyo aliyechuchumaa.

Kazi yake huanza kabla mpira haujarushwa. Kutoka kichuguuni hadi kwenye bamba la nyumbani anapopigia mpigaji ni mita 18.44, na mpira wa kilomita 160 kwa saa huzimaliza kabla nusu sekunde haijaisha. Mrushaji anataka upite juu ya bamba, kati ya magoti na kifua cha mpigaji. Ukipita hapo bila kupigwa ni straiki, na straiki tatu humtoa mpigaji. Lakini arushe mpira gani? Wa kasi, wa polepole unaojifanya wa kasi, wa kupinda, wa kuzama dakika ya mwisho? Anayependekeza ni mdakaji. Zamani alionyesha kwa vidole katikati ya mapaja, na timu pinzani zikashinda zikivichungulia. Tangu 2022 anabonyeza kifaa kidogo kiitwacho PitchCom, na mrushaji anasikia sauti ndani ya kofia yake, kwa Kiingereza, Kihispania au Kijapani, ilivyorekodiwa. Tangu 2023 kuna pia saa ukutani: sekunde 15 besi, yaani vituo vya wakimbiaji, zikiwa tupu, na tangu 2024 ni 18 kukiwa na mkimbiaji. Ndani ya sekunde hizo mdakaji anapaswa kukumbuka mpigaji huyu alifanya nini mara ya mwisho, amesogeza mguu wapi leo, mrushaji wake amechoka kiasi gani, na mkimbiaji wa besi ya kwanza ananyemelea hatua ngapi.

Mrushaji ni bwana harusi, na mdakaji ni mpambe wake. Bwana harusi ndiye anayetazamwa. Mpambe anamfuta jasho, anamnong'oneza la kufanya, na shughuli ikiharibika lawama humjia yeye.

Tazama mkono wake wa kushoto, ule wenye glovu nene. Mpira unapokuja pembeni kidogo mwa eneo la straiki, mdakaji mbovu huufuata kwa pupa, mkono ukabebwa na kasi kwenda nje, na mwamuzi aliye nyuma yake anaona wazi kwamba mpira ulikuwa mbaya. Fundi hushusha glovu karibu na ardhi mapema, goti moja likiwa chini, kisha huupokea mpira akipanda nao, kutoka nje kuja ndani, kwa mwendo mfupi usio na mshtuko, na kuutuliza hapo sekunde moja. Mwamuzi anaita straiki. Hakuna aliyedanganya kwa mdomo. Patrick Bailey wa San Francisco ni hodari wa sanaa hii, na inatosha kumwangalia yeye inningi, yaani vipindi vya mchezo, mbili tatu ili kuelewa kwa nini timu humvumilia mdakaji asiyejua kupiga. (Bailey mwenyewe, Julai 8, aliumaliza mchezo dhidi ya Philadelphia kwa pigo lililomzungusha besi zote nne mpira ukiwa bado ndani ya uwanja. Hakuna mdakaji mwingine aliyekuwa amemaliza mchezo hivyo tangu 1926. Wadakaji hawasifiki kwa mbio.)

Kisha kuna mpira unaogonga vumbi mbele ya bamba. Huo haudakwi. Mdakaji anapiga magoti yote mawili, glovu inaziba upenyo wa katikati, kidevu kinagusa kifua, mabega yanajikunja ndani, na mwili wote unageuka ukuta laini ili mpira uugonge na kufia mbele yake. Ukimponyoka, mkimbiaji anasogea besi moja. Na mkimbiaji akiamua kuiba besi ya pili, mdakaji ana takriban sekunde mbili za kuupokea mpira, kuinuka, kuutoa kwenye glovu na kuutupa karibu mita 39 hadi mkononi mwa mwenzake. Yote haya usiku mmoja, mirusho mia na hamsini hivi, kuchuchumaa na kuinuka, kuchuchumaa na kuinuka, kwa msimu wenye mechi 162.

Ndiyo maana haikutarajiwa mtu wa kazi hiyo awe pia mpigaji mkubwa kuliko wote. Cal Raleigh wa Seattle Mariners alikuwa tayari na sifa ya glovu. Mwaka 2024 alipewa tuzo ya mlinzi bora kabisa wa nafasi zote katika American League, nusu moja ya MLB. Mwaka 2025 akapiga homurani 60, yaani mara 60 aliupiga mpira ukavuka uzio. Rekodi ya wadakaji ilikuwa 48, ya Salvador Perez mwaka 2021. Raleigh aliipita Agosti, akaendelea. Kwa kuwa hupiga kutoka pande zote mbili, kulia na kushoto, akaipita pia rekodi ya Mickey Mantle ya 54 iliyosimama tangu 1961, kisha ile ya klabu yake, 56 za Ken Griffey Jr. Septemba 24, mbele ya mashabiki wa Seattle, alipiga ya 59 na ya 60 usiku mmoja, na usiku huohuo timu ikatwaa ubingwa wa kundi lake kwa mara ya kwanza tangu 2001. Waliowahi kufikisha 60 kwa msimu mmoja katika historia nzima ya MLB ni saba. Sita waliobaki walicheza mbali na bamba, wamesimama wima.

Si kwamba mdakaji mpigaji ni jambo geni. Mwaka 2024 MLB ilipoziingiza takwimu za ligi za Weusi katika kumbukumbu zake rasmi, wastani wa juu kuliko wote wa kupiga, .372, ulikuwa wa Josh Gibson, mdakaji. Alifariki Januari 1947, miezi michache kabla Jackie Robinson, Mweusi mwenzake, hajafunguliwa mlango wa MLB ambao Gibson alifungiwa maisha yake yote. Kila rekodi ya wadakaji inayotangazwa leo isomwe na jina hilo pembeni.

Julai, huko Atlanta, Raleigh alifanya jambo dogo ambalo kwangu lina uzito kuliko homurani nyingi. Usiku wa kwanza alishinda shindano la kupiga homurani, mdakaji wa kwanza kulishinda, baba yake akimrushia mipira na mdogo wake wa miaka 15 akidaka nyuma. Usiku wa pili, katika mechi ya nyota wote, alikuwa anamdakia Tarik Skubal wa Detroit. Mpigaji, Manny Machado, alikuwa na straiki mbili. Skubal akarusha mpira uliozama chini, mwamuzi akasema mbaya. Raleigh akagusa kofia yake. Hiyo ndiyo ishara ya kukata rufaa kwa mashine, iliyokuwa inajaribiwa siku hiyo. Kamera zikapima, uamuzi ukapinduliwa, Machado akatoka. Rufaa ya kwanza katika mechi ya nyota ilikatwa na mdakaji, na akashinda.

Septemba ligi ikapitisha kwamba kuanzia 2026 rufaa hizo zitakuwepo katika mechi zote: kila timu mbili, na ikishinda haipotezi. Ni mpigaji, mrushaji au mdakaji pekee anayeruhusiwa kuomba, palepale, bila kutazama benchi. Wapo wanaolia kwamba sanaa ya kuupamba mpira pembeni mwa bamba imechimbiwa kaburi. Mimi silii sana. Sanaa ile ni nzuri kuitazama, lakini sehemu yake ilikuwa ni kumwibia mtu aliyesimama kihalali na gongo lake. Mashine itachukua wizi. Haitachukua kumtuliza mrushaji kijana mwenye watu watatu kwenye besi, wala kujua kwamba mpira uliomfaa mpigaji huyu Mei ndio utakaomkamata Oktoba. Na rufaa zenyewe nani ataziomba kwa busara zaidi ya yule anayeuona kila mpira kwa karibu kuliko mwamuzi?

Mengine ya msimu niyapitie haraka. Colorado walipoteza mechi 119. Milwaukee walishinda 97, nyingi kuliko wote, na hazikuwafikisha fainali. Mrushaji Clayton Kershaw alimtoa kwa straiki mpigaji wa 3,000, kisha akatangaza kustaafu. Agosti Jen Pawol akawa mwanamke wa kwanza kuchezesha mechi ya msimu rasmi wa MLB, na siku ya pili alisimama nyuma ya bamba kuita straiki; huyo naye aliwahi kuwa mdakaji, katika softiboli ya chuo.

Seattle walibakiza ushindi mmoja tu kufika World Series, yaani fainali, ambako hawakuwa wamewahi kufika. Toronto wakawazuia katika mechi ya saba ya nusu fainali. Kwa hiyo waliokutana na Dodgers wa Los Angeles walikuwa Blue Jays, na nyuma ya bamba lao alikaa Alejandro Kirk, mfupi, mnene, mzaliwa wa Tijuana, mwenye mikono mepesi ajabu. Upande wa pili alikaa Will Smith. Septemba mpira uliochepuka kwenye gongo ulimgonga Smith mkono wa kulia ukamtia ufa kwenye mfupa, na mechi za mwanzo za mtoano hakuanza. Kwenye fainali alidaka inningi zote 73 za timu yake. Ndani ya hizo imo mechi ya tatu, iliyokwenda inningi 18, saa sita na dakika 39. Hakuna mdakaji aliyewahi kudaka nyingi hivyo katika World Series moja.

Mechi ya saba ya fainali, Novemba 1, Toronto. Inningi ya tisa, nne kwa nne, besi zote zina watu wa Blue Jays, na mmoja tu ametolewa. Mpira unapigwa chini kwa Miguel Rojas; anautupa nyumbani akiwa anayumba. Smith anaupokea, mguu wake unainuka kidogo kutoka kwenye bamba, unarudi, na mkimbiaji anaserereka kuufikia. Picha za marudio zilionyesha mguu ulitangulia kwa muda usiopimika kwa jicho. Mguu ungechelewa unene wa soksi, ubingwa ungekuwa wa Kanada. Inningi mbili baadaye, wenzake wawili wakiwa wametolewa, Smith akapiga homurani, tano kwa nne. Kisha akachuchumaa tena kumdakia Yoshinobu Yamamoto, aliyekuwa amerusha mirusho 96 usiku uliotangulia, hadi mpigaji wa mwisho alipovunja gongo na kuwapa Dodgers watu wawili kwa pigo moja. Mpigaji huyo alikuwa Kirk.

Chanda chema huvikwa pete, na Smith atavikwa, ijapokuwa vya kwake vimepigwa sana. Yamamoto alipewa tuzo ya mchezaji bora wa fainali, kwa haki kabisa. Alishinda mechi tatu, na katika zote tatu mtu wa kwanza kuudaka kila mpira wake alikuwa yuleyule.

Kwetu Afrika Mashariki mchezo huu si wa kila mtaa, lakini Uganda wanaujua. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za watoto huko Pennsylvania. Na kijana ambaye picha zake za mazoezi zilizunguka dunia, Dennis Kasumba, aliyejifua kwa matairi chakavu hadi akapata nafasi Frederick, Maryland, mwaka 2023, hakuchagua kurusha wala kusimama nje kungoja mipira ya juu. Alichagua kudaka.

Novemba waandishi wakapiga kura ya mchezaji bora wa American League. Aaron Judge wa Yankees, mwenye homurani 53 na wastani wa .331, alipata kura 17 za nafasi ya kwanza, na Raleigh 13. Judge alipiga vizuri kuliko binadamu yeyote mwaka huo, sibishi. Ila mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Judge alipomaliza kupiga alikwenda kusimama kwenye nyasi za mbali, na Raleigh alivaa barakoa akarudi kuchuchumaa. Ningekuwa na kura, ingekuwa ya 14.